"Demy": karatasi au mwanafunzi?

Msahihishaji, Nakuru
Hamjambo wenzangu. Nasahihisha nakala katika duka la uchapaji hapa Nakuru. Wiki iliyopita, tulipokuwa tukipanguza rafu za nyuma, niliokota daftari la kale la oda ambalo karibu kila mstari wake una neno "demy". Nilitambua kuwa ni kipimo cha karatasi, lakini jioni hiyo hiyo nikasoma kwamba mwandishi Oscar Wilde alikuwa "demy" wa Chuo cha Magdalen, Oxford. Mtu huwaje karatasi?

Mpiga chapa mstaafu, Kisumu
Ndugu yangu, umenikumbusha mbali. Karatasi ya demy ya kuchapia ilikuwa na inchi 17½ kwa 22½. Ukiikunja mara tatu, kila mara ukigawa upande mrefu, unapata majani manane, yaani kurasa 16, kila moja ikiwa na inchi 8¾ kwa 5⅝ kabla ya kingo kukatwa. Kiweke kitabu chenye kurasa za kipimo hicho juu ya karatasi ya A5 nawe utaona kimeizidi urefu, ilhali upana umepungua kidogo tu.

Neno lenyewe limetoka kwa "demi" ya Kifaransa, yaani nusu. Hata hivyo, usiipime nusu hiyo kwa rula, kwa maana karatasi iliyoitwa "royal" ilikuwa inchi 20 kwa 25, na demy inaipita nusu yake kwa mbali.

Mwalimu, Kakamega
Mzee amemaliza upande wa karatasi. Kwa upande wa chuo, nusu hiyo ni ya posho. Magdalen ilianzishwa mwaka 1458 na Askofu William Waynflete, na wanafunzi waliofadhiliwa na chuo walipewa nusu ya posho ya wanazuoni wakuu, ndipo wakaitwa hivyo. Jina lilibaki hata baada ya hesabu ya chakula kusahaulika. Joseph Addison, mwandishi wa insha, naye alikuwa mmoja wao. Hutamkwa "dimai", mkazo ukiwa mwishoni. Mimi ningemwita "mwanafunzi wa nusu posho", ingawa nakiri kwamba kwa masikio yetu inasikika kama adhabu ya bweni.

Msahihishaji, Nakuru
Asanteni sana, mzee na mwalimu. Kumbe nimekuwa nikitamka "demi" mbele ya wateja! Daftari nimelificha kwenye droo yangu, kwa kuwa lilikuwa limeshatengwa apewe muuza njugu wa stendi, afungie njugu zake.