Nimefuta barua pepe kwenye Thunderbird, nafasi ya diski ndiyo kwanza imepungua

KaraniKurasini

Wakuu, habari za kazi.

Mimi ni karani wa nyaraka kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Kurasini, Dar. Kompyuta ninayotumia ina Windows 10, SSD ya GB 120, diski ni C peke yake. Barua pepe za ofisi zinaingia kwangu kwa programu ya Thunderbird, akaunti ya POP, yaani barua zinapakuliwa na kukaa kwenye kompyuta yangu. Anwani ni moja tu, na meli ikikaribia kila mteja anamwaga humo BL yake (hati ya shehena ya meli), ankara, na skani za rangi za karatasi ambazo hata hazina rangi.

Juzi Windows ikaanza kulalamika kwamba C inajaa, zimebaki GB 7. Nikaingia Inbox, nikachagua barua zote za mizigo iliyokwishatoka bandarini zamani, nikabonyeza Delete. Ilichukua muda kweli, nikaenda nikanywa chai. Nimerudi, barua hazipo kwenye orodha. Kuangalia C: zimebaki GB 3!

Yaani nafuta na nafasi inapungua. Kijana anayetutengenezea kompyuta anasema dawa ni kupiga Windows upya. Bosi hataki kusikia, kuna TANSAD (fomu za tamko la forodha) zinasubiri. Na hizo barua za wateja sina uhakika kama kwenye seva zipo.

GB zangu 4 zimekwenda wapi? Nawasilisha.

Mkwezi_Pangani

Hamieni Outlook dada, hayo mambo ya programu za bure ndiyo matokeo yake.

FundiBarua

Dada Karani, kwanza huyo kijana asiguse kitu. Akipiga Windows upya bila kuhamisha folda ya wasifu (profile) ya Thunderbird, ndimo zinamokaa barua, barua zako za POP zinaondoka nayo na hakuna atakayezirudisha.

Sasa GB zako. Fungua menyu ya Help, kisha "Troubleshooting Information", tafuta mstari wa "Profile Folder", bofya "Open Folder". Ingia "Mail", halafu folda yenye jina la seva yenu. Utakuta faili linaitwa Inbox, halina kiambishi chochote mwishoni, na pembeni yake Inbox.msf. Hilo lisilo na kiambishi ndilo lenye barua zako zote, zimepangwa moja chini ya nyingine ndani ya faili moja refu. Hilo la .msf ni faharasa tu, ndiyo unayoiona kwenye orodha.

Ukibonyeza Delete, Thunderbird inafanya mambo mawili. Inanakili barua kwenye faili la Trash, na ile ya mwanzo ndani ya Inbox inaipiga alama kwamba imefutwa. Haiing'oi. Ni kama kaunta buku la mapokezi: umepiga mstari juu ya jina, lakini ukurasa haujachanika. Kwa hiyo barua zako za GB 4 sasa zipo mara mbili, kwenye Inbox zikiwa na alama na kwenye Trash zikiwa nzima. Ndiyo maana 7 imekuwa 3. Programu haijaharibika, imeundwa hivyo, na sababu yenyewe ina akili: kuliandika upya faili la GB kadhaa kila unapofuta barua moja ingekuwa mateso.

Kinachong'oa kinaitwa "Compact". Lakini usikimbilie. Funga Thunderbird kabisa, nakili folda nzima ya wasifu kwenye diski ya nje. Ukimaliza, ifungue, bofya kulia kwenye Trash, chagua "Empty Trash". Hapo utarudishiwa zile 4. Halafu bofya kulia kwenye Inbox, "Compact", na uiache ifanye kazi. Usianze na Inbox, maana Compact inaandika kwanza faili jipya lenye barua zilizobaki, ndipo inalitupa la zamani. Kwa GB 3 itakwama katikati. Ikikwama huacha mafaili yanayoitwa nstmp, na ukiyaona kwenye mashine ya mtu ujue umeme ulikatika au nafasi iliisha.

@Mkwezi, faili la PST, ambamo Outlook hutunza barua, nalo halisinyai papo hapo ukifuta, ndiyo maana limewekewa kitufe cha "Compact Now". Na kuanzia Outlook 2010 ukomo wake wa kawaida ni GB 50. Ukihama nyumba na takataka zako, ni zilezile.

KaraniKurasini

Asante sana mkuu, nimeliona hilo Inbox. GB 9.4! Faili moja!

Nimekwama kwenye kunakili. Flashi ni ya GB 32, mpya, tupu kabisa. Nikibandika, Windows inaniambia faili ni kubwa mno. Tisa haiingii kwenye thelathini na mbili?

FundiBarua

Inaingia, ila flashi yako imepangwa kwa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4 hata flashi iwe na ukubwa gani. Bofya kulia kwenye flashi, "Format", chagua exFAT au NTFS. Kwa kuwa ni tupu hupotezi kitu.

SimbaWaChangamwe

Salamu kutoka Mombasa. Hapo kabla hujaanza, dada yangu, angalia antivairasi. Kwetu iliwahi kukuta kiambatisho kimoja kibaya ndani ya Inbox, ikalifungia faili zima. Karani wa watu akafungua asubuhi, Inbox nyeupe pe! Kwa antivairasi lile ni faili moja tu, haijui kama ndani mna barua elfu.

Iambie iiruke folda ya wasifu. Halafu kwenye mipangilio ya Thunderbird, sehemu ya "Privacy & Security", weka tiki pale panaporuhusu antivairasi kukamata barua moja moja inapoingia. Viambatisho vitakaguliwa tu, hapo na tena utakapovihifadhi.

KaraniKurasini

Wakuu, imekubali. Baada ya Trash zikawa GB 7, baada ya Compact ni GB 11. Bosi amekuja kuchungulia, ameniuliza kwa nini tulikuwa tunataka kupiga Windows.

Mawili ya mwisho. Nihamie IMAP, ile ambayo barua zinabaki kwenye seva? Na nataka kutengeneza folda kwa kila BL, ni sawa?

FundiBarua

IMAP ni nzuri kama seva inawapa nafasi ya kutosha. Vifurushi vya bei rahisi vya tovuti huja na visanduku vidogo, na kwa skani mnazopokea kitajaa, barua za wateja zianze kurudishwa. Uliza kwanza mna GB ngapi. Mkibaki na POP, ingia "Server Settings" uhakikishe pana tiki kwenye "Leave messages on server", siku 14 zinatosha. Bila tiki hiyo, barua ikishaingia kwako huko inafutwa, na nakala pekee duniani ni hiyo SSD.

Folda kwa kila BL, hapana. Utachoka kabla ya mwezi kwisha, na mteja akitaja namba utaitafuta tu kwenye kisanduku cha kutafutia. Tengeneza folda za kampuni za meli, ziwe chache, na vichujio vya kupeleka barua humo zenyewe. Mzigo ukishatoka, chagua barua zake, bonyeza herufi A. Zitakwenda Archives na kujipanga kwa mwaka, kila mwaka faili lake. Faida yake ni kwamba faili la mwaka uliofungwa halibadiliki tena. Unalinakili mara moja tu, na Inbox inabaki ndogo.

Kwenye orodha ongeza pia safu ya "Size" uipange kutoka kubwa. Utawaona wanaokujazia. Kiambatisho kinaposafiri kwa barua pepe hugeuzwa kuwa herufi tupu na kuongezeka kama theluthi, kwa hiyo skani ya MB 6 unailipia 8. Waombe waskani nyeusi na nyeupe, dpi 200, BL inasomeka vizuri tu.

KaraniKurasini

Nimeipanga. Kumi za kwanza zote ni za mteja mmoja. Nimempigia, anasema mashine yake imegoma kutoa nyeusi na nyeupe tangu wino mweusi ulipoisha.

SimbaWaChangamwe

😂 Dada, kuskani hakutumii wino. Mpigie tena.