Kasuku apikiwe nyumbani au anunuliwe peleti?

MamaTundu (Mombasa)
Assalaam aleykum jamani. Nina kasuku wa kijivu, nimemrithi kwa marehemu babangu, mwaka wa 11 huu yuko kwangu. Juzi kijana wa duka moja la wanyama kanambia namuua polepole kwa kumpikia, ninunue peleti za ng'ambo, vile vidonge vya chakula cha ndege vya kiwandani. Nikatazama bei, nikaurudisha mfuko rafuni. Mimi kila Jumapili nateleka sufuria yake ya wiki: pojo nilizoloweka mpaka zikatoa mkia, mtama, boga, karoti, kiazi kitamu cha manjano, mchicha, pilipili mbichi. Hakuna chumvi, hakuna mafuta, hakuna kitunguu. Nagawa vikopo, nagandisha. Peleti naona ni za wavivu wa kupika. Nikikosea nisemeni.

NesiWaZamu (Nairobi)
Wavivu. Sawa. Mimi natoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, nina watoto wawili na kasuku wawili, na bado sijagusa vyombo. Peleti kikombe kimoja, maji safi, kipande cha papai, nalala. Ndege wangu manyoya yanang'aa. Huo uvivu niletewe cheti niutundike ukutani.

MamaTundu
Mwanangu, sikukutaja wewe.

NesiWaZamu
Ulitaja wanaonunua peleti. Mimi nanunua peleti. Umenitaja.

DaktariMifugo (Nakuru)
Msigombane. Kati ya kasuku ninaoletewa, wengi hawakuharibiwa na peleti wala na sufuria. Wameharibiwa na alizeti na karanga tupu, asubuhi na jioni, miaka nenda rudi. Mafuta tele, vitamini A na kalsiamu kidogo. Kasuku wa kijivu akikosa kalsiamu hutetemeka na kuanguka kutoka kijitini kama mwenye kifafa, watu wakasema kapigwa jicho. Sufuria ya MamaTundu nimeipenda, boga na karoti ni vitamini A hiyo. Ila kalsiamu iko wapi? Mchicha unayo, lakini una oksaleti inayoishikilia isitumike mwilini. Sukuma wiki ni afadhali. Weka ganda la yai lililosagwa, au gamba la dome, yule jamaa wa ngisi, hapo Mombasa baharini mnaliokota bure. Na ndege apate jua la nje, si la kupitia kioo cha dirisha, kwa sababu kioo huzuia ile miale inayotengeneza vitamini D.

MzeeWaPangani (Tanga)
Samahani, pojo ndiyo nini?

KijanaWaUmoja (Nairobi)
Ni ndengu mzee. Watu wa Coast wanapenda kubatiza vitu upya.

MamaTundu
Kubatiza upya? Pojo bibi yangu alikuwa akizipika kwa nazi kabla hiyo Nairobi haijawa stesheni ya reli. Ninyi wa bara mmesikia dengu mkaongeza N.

MzeeWaPangani
Sasa mnanichanganya. Dengu ni ile inayosagwa unga wa bajia. Ile ndogo ya kijani ni choroko. Tanzania nzima ni choroko, mtoto wa darasa la kwanza anajua.

KijanaWaUmoja
Tanzania nzima pia mnaita daladala kitu ambacho ni matatu.

BakariWaMatrah (Muscat)
Huku sokoni ukitaka hiyo unasema mash. Lakini nyumbani kwetu mama anasema choroko, kwa hiyo namuunga mkono mzee.

MamaTundu
Bakari na wewe! Mamako mzaliwa wa Unguja, atasema nini kingine.

DaktariMifugo
Jina lolote. Muhimu ni hili: hizo ndogo za kijani zikiota ndege anaweza kula. Maharage makubwa, hasa mekundu, USIMPE mabichi wala yaliyolowekwa tu. Yana sumu inayokufa kwa kuchemshwa kwa nguvu, mchemko wa kweli si chini ya dakika 10. Yaliyopikwa kwa moto mdogo ambao haujafikia mchemko bado ni hatari, hata kwa mtu. Na karanga au mahindi yenye ukungu tupa. Mnakumbuka Makueni na Kitui mwaka 2004, watu 125 walikufa kwa aflatoksini, sumu ya huo ukungu, kwenye mahindi. Kasuku ni gramu 400 na kitu, hebu pima mwenyewe.

MzeeWaPangani
Tukirudi kwenye choroko, Wahindi wa Tanga nao wanasema mung, kwa hiyo pojo imetoka wapi hasa?

KijanaWaUmoja
Mimi nauliza kitu kingine. Pilipili mbichi kwa ndege? Hiyo si dhuluma? Mnyama hawezi hata kusema inawasha.

MamaTundu
Wangu anasema. Anasema "ongeza". Na ni wewe utakayenifundisha mimi ndege? Kasuku haimuwashi pilipili. Tazama pilipili kichaa zinavyoota chini ya miti, nani alizipanda kama si ndege?

DaktariMifugo
Hapo yuko sawa. Kile kinachotuwasha sisi ndege hawakisikii. Na pilipili ina vitamini A.

KijanaWaUmoja
Basi daktari ameshakuwa upande wa Pwani.

BakariWaMatrah
Jamani mnasumbuka bure. Wangu ana miaka 20 kwetu, anakula tunachokula: wali, nyama ya mbuzi kidogo, chai ya maziwa anachovya mdomo, na parachichi ndilo anapenda kuliko yote. Mzima wa afya, anatukana kwa Kiarabu na Kiswahili.

DaktariMifugo
Bakari, parachichi liache leo hii. Si kesho. Lina kitu kinaitwa persini, kinashambulia moyo wa ndege, na wengine hawamalizi siku mbili. Chai iache pia, na chokoleti usithubutu.

BakariWaMatrah
Miaka 20 daktari.

NesiWaZamu
Kila mvuta sigara ana mjomba aliyefika miaka 90 akivuta.

BakariWaMatrah
Dada, mjomba wangu alifariki mwaka jana, na alikuwa mvutaji. Tafadhali.

NesiWaZamu
Pole sana, kaka. Sikujua. Naufuta huo mfano.

MtuWaKakamega
Nimesoma kutoka juu mpaka hapa. Hakuna aliyeuliza: huyo kasuku wa marehemu ana kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya? Kasuku wa kijivu harithiwi kama shamba. CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, walimpandisha Kiambatisho cha Kwanza, orodha ya walio hatarini zaidi, kule Johannesburg 2016. Msitu wetu wa Kakamega alikuwepo, leo ukimwona unamsimulia mjukuu.

KijanaWaUmoja
Ni 2017 boss.

MtuWaKakamega
Uamuzi 2016, kuanza kutumika Januari 2017. Na wewe wako ana kibali?

KijanaWaUmoja
Mimi sina ndege. Nilikuja kwa sababu ya ndengu.

MamaTundu
Kwa hivyo nimekuja kuuliza chakula nimeitwa mwindaji haramu. Babangu kampata ndege huyu kabla wewe hujazaliwa. Nimfungulie dirisha aende zake? Hajui kutafuta hata tende iliyoanguka chini. Atanaswa na kunguru kabla ya adhuhuri.

MtuWaKakamega
Hakuna aliyesema umfungulie. CITES inahusu biashara ya kuvuka mipaka. Cha hapa nyumbani ni ile sheria ya wanyamapori ya 2013, inataka kibali, basi. Tunabishana peleti na sufuria, na kila anayesifu kasuku wake hapa anamfanya jirani atamani mmoja, na huyo mmoja anatolewa kwenye shimo la mti Kongo.

MzeeWaPangani
Hilo ni neno zito.

NesiWaZamu
Ni zito, na wangu wana kibali, kabla hujauliza. Daktari, nirudi kwenye ganda la yai: na mimi niweke?

DaktariMifugo
Wewe unayetoa peleti usiongeze. Tayari imo, na kalsiamu ikizidi inaumiza figo. Ni kwa MamaTundu: chemsha ganda dakika 10, likauke, lisage liwe unga, nyunyiza kidogo juu ya chakula mara mbili kwa wiki. Na zile sufuria za nonstick, zisizoshika chakula, zisiungue karibu na ndege, ule moshi unamuua kabla wewe hujanusa chochote.

NesiWaZamu
Hiyo ya sufuria sikuijua. Yangu natoa jikoni leo.

MamaTundu
Nami yangu ni ya bati, alhamdulillahi. Mchicha nimebadilisha kwa sukuma, ameitupa ukutani, boga kala. Dome nitamtuma mtoto ufukoni kesho. Hilo la kibali nimempigia mpwa wangu anayejua mambo ya ofisi, sitaki kulizungumza hapa. Nesi, neno wavivu nalirudisha.

NesiWaZamu
Limepokelewa.

MzeeWaPangani
Kwa hiyo tumekubaliana ni choroko.

MamaTundu
Ni pojo.