Linaklotaidi 290 imefika bila chupa yake na mteja anaharisha. Nimpunguzie dozi vipi?

mtoadawa_kibaigwa

Wakuu, habari za jioni. Nawauliza wafamasia na madaktari mliomo humu, hasa mlioko Dodoma mjini. Niko duka la dawa muhimu Kibaigwa.

Mteja ni mama wa miaka 38, anasumbuliwa na kukosa choo mwaka wa pili sasa. Haja anapata mara mbili kwa wiki, choo kama cha mbuzi, na tumbo linamuuma chini ya kitovu siku tatu nne za wiki. Akishapata choo, maumivu yanapoa. Ametumia bisakodili 5 mg kila usiku kwa miezi, akahamia laktulosi, anasema inamjaza gesi. Sasa ndugu yake wa Marekani kamtumia linaklotaidi, dawa ya kulainisha choo, ile ya chapa ya Linzess, kapsuli 30 za mikrogramu 290, zimeandikwa FL 290. Zimefika kwenye kifuko cha plastiki cha kawaida, chupa ilibaki huko ili mzigo uwe mdogo. Anameza asubuhi na chai ya maziwa na chapati. Siku ya pili tu anaharisha maji, mara sita kwa siku.

Dawa nyingine anazotumia ni amlodipini 10 mg ya presha na vidonge vya kuongeza damu.

Naomba kujua: naweza kufungua kapsuli nikamgawia nusu ili ipatikane 145? Kwenye kifuko hicho bado ni salama? Na kama hii haifai, kitu gani cha hapa hapa kingemsaidia kabla ya kufika huko kwenye dawa za bei?

mfamasia_kisasa

Mkuu, kesho asubuhi asimeze nyingine. Kuharisha maji mara sita si jambo la kupunguza dozi, ni la kusimamisha. Mpe ORS, achanganye kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, anywe kidogo kidogo baada ya kila choo. Mpime presha akiwa amekaa, kisha akisimama. Mtu wa amlodipini akipungukiwa maji, presha inaweza kushuka ghafla akapata kizunguzungu. Kama anaona giza akisimama, hakojoi vizuri, au kuharisha hakujakata ndani ya siku mbili, aende hospitali. Na kama anatumia vidonge vya uzazi wa mpango mwambie atumie na kinga nyingine, maana kuharisha sana kunaweza kuvipunguzia nguvu.

Sasa kwa nini imemshika hivyo. Linaklotaidi karibu yote haiingii kwenye damu. Inafanya kazi juu ya ukuta wa utumbo wenyewe: inausukuma utoe kloridi, baikaboneti na maji kwenda ndani, choo kinalainika na kusafiri haraka. Kwa hiyo kuharisha ni kazi yake ile ile ikipita kiasi. Kwenye majaribio ya 290 mikrogramu, karibu mtu mmoja kati ya watano aliharisha, na mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Ukiimeza na chakula, hasa chenye mafuta, choo kinazidi kuwa chepesi. Chapati na chai ya maziwa ndiyo kosa lenyewe. Inamezwa tumbo likiwa tupu, angalau nusu saa kabla ya chakula cha kwanza cha siku. Akisahau asubuhi, anaruka mpaka kesho, hafidii.

Kuhusu nusu: usifanye. Ndani kuna chembe ndogo za mviringo, dawa imepakwa juu yake. Ukigawa kwa macho hujui nani kapata ngapi. Kufungua kapsuli kunaruhusiwa kwa mtu asiyeweza kumeza tu, na anatumia yote: anamimina chembe kwenye mililita 30 za maji ya kawaida yasiyo ya moto, anazungusha kikombe taratibu sekunde 20, anakunywa papo hapo, anaongeza mililita 30 nyingine, anazungusha tena, anamalizia. Chembe zikibaki chini si tatizo, dawa imeshayeyuka kwenye maji. Asichanganye akaweka kwa ajili ya baadaye.

Tena 145 si "290 ya watu dhaifu". Kule Marekani kipimo cha IBS (tatizo la muda mrefu la utumbo kuuma na choo kubadilika) yenye kufunga choo kwa watu wazima ni 290 pekee. Kipimo cha 145, na 72 kilichoongezwa mwaka 2017, ni cha watu wazima wanaofunga choo kwa muda mrefu bila IBS. Ulaya, ambako inaitwa Constella, ipo 290 tu. Madaktari wengine humshusha mgonjwa anayeharisha, lakini huo ni uamuzi wa aliyemwandikia cheti, si wetu wa kaunta.

Kifuko cha plastiki nacho ni hukumu tosha. Dawa hii inaharibiwa na unyevu. Chupa yake ina kifuko cha kunyonya unyevu ambacho hakitakiwi kutolewa, na maelekezo yanakataza kuihamishia chombo kingine. Joto lake ni nyuzi 25, ikizidi isivuke 30. Chumba chenye bati bila dari, Kibaigwa, mwezi wa kumi na moja, pima mwenyewe. Kwamba bado inamharisha haimaanishi imebaki na nguvu yake kamili. Hujui kapsuli ya wiki ya tatu itakuwaje. Zisitumike, wala asimpe jirani. Na watoto wasizifikie kabisa: walio chini ya miaka miwili wamekatazwa, inaweza kuwakausha maji vibaya.

tabibu_wa_zamu

Mfamasia kasema sawa kuhusu dawa. Mimi macho yangu yametua kwenye hivyo vidonge vya kuongeza damu. Nani kamwandikia, na damu ilikuwa ngapi? Upungufu wa damu wa madini chuma pamoja na tumbo lililobadilika tabia haviachwi hivi hivi. Kwa mama wa miaka 38 inawezekana ni hedhi nzito tu, lakini aulizwe: damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, maumivu yanayomwamsha usiku, kutapika, uvimbe tumboni, saratani ya utumbo kwenye ukoo. Jibu moja tu la "ndiyo" linatosha aende kwa daktari kabla ya dawa yoyote ya kulainisha choo, na huenda akahitaji kipimo cha kamera ya utumbo mpana. Choo cheusi kisikuchanganye: cha vidonge vya chuma ni cheusi chenye ukijani na kimeshikana, cha damu kinanata kama lami na harufu yake huisahau.

Vidonge hivyo hivyo pia vinafunga choo. Amlodipini nayo inaweza, ingawa verapamili inafunga zaidi. Ongeza kwenye orodha ya kumuuliza: tramadoli, kodeini, amitriptilini, dawa za kiungulia zenye aluminiamu, kalisiamu. Wengi wanaoitwa "sugu" dawa inayowafunga choo iko mfukoni mwao. Usimwachishe presha wewe. Mwandikie kikaratasi ampelekee daktari wake, yupo anayeweza kumbadilishia.

Kwa maelezo yako anaelekea kwenye IBS ya kufunga choo. Vigezo vya Roma IV vya mwaka 2016 vinataka maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu ya karibuni, yakiwa na mawili kati ya haya: yanahusiana na kwenda haja, idadi ya choo imebadilika, umbo la choo limebadilika. Na yawe yalianza si chini ya miezi sita nyuma. Asingekuwa na maumivu, tungesema kufunga choo kwa kawaida, na dawa zake zinapangwa tofauti. Apimwe damu, sukari na tezi la shingo, hasa kama anahisi baridi isivyo kawaida au amenenepa.

Swali moja ambalo wengi hawaulizi kwa aibu: je, hata choo kikiwa laini bado anajikamua? Anahitaji kusaidia kwa kidole au kubonyeza? Hapo misuli ya njia ya haja inabana wakati wa kusukuma badala ya kulegea, na hakuna kapsuli inayofundisha misuli. Anahitaji kupimwa kwa kidole na mazoezi maalumu. Waliohamia nyumba zenye choo cha kukaa waweke kigoda cha kama sentimita 20 miguuni. Choo cha kuchuchumaa kinawapa mkao huo bure.

mzee_wa_sabasaba

Mnahangaika na vidonge vya Marekani na sanamaki ipo Majengo sokoni. Majani kijiko kimoja, maji ya moto kikombe, usiku analala, alfajiri kazi imeisha.

muuguzi_mpwapwa

Shikamoo mzee. Sanamaki inafanya kazi, hakuna anayekataa, ni jani lile lile linalotengenezewa vidonge vya kuharishia vya famasi. Inachokoza utumbo ubane, majibu ni saa 6 hadi 12. Shida mbili. Kijiko chako na cha jirani havilingani, na majani ya mwaka jana hayalingani na ya leo. Pili, huyu mama tayari ana utumbo unaouma. Kuuchokoza kila usiku ni kumwongezea msokoto. Kwa mara moja moja sawa, kwa kila siku hapana.

Nirudi kwa bisakodili aliyokuwa anakunywa. Mwulize alikuwa anamezea nini. Kidonge kina ganda linalotakiwa kupita tumbo la juu bila kuyeyuka. Ukimeza na chai ya maziwa au dawa ya kiungulia, linayeyuka mapema, matokeo ni kichefuchefu na tumbo kukata. Kiachane na maziwa au dawa hizo angalau saa moja, kisitafunwe, kisisagwe. Ya kuweka njia ya haja, 10 mg, hujibu ndani ya dakika 15 hadi saa moja.

Chakula: pumba za ngano anazoambiwa kila mahali zinaweza kuzidisha gesi kwa mtu wa IBS. Nyuzi zinazoyeyuka ndizo zinazomfaa. Mlenda unateleza kwa sababu hiyo, na unga wa ubuyu nao unazo kwa wingi, ila si ule wa pipi uliojaa sukari. Maduka ya Wahindi wanauza isabgoli, maganda ya mbegu yenye nyuzi hizo: aanze gramu 3.5 mara moja kwa siku kwenye glasi kamili ya maji, mililita 240, anywe kabla haijaganda, aiachanishe saa mbili na dawa nyingine. Akiimeza kavu inaweza kukwama kooni. Maharage na vitunguu apunguze wiki mbili tatu aone, asiache kila kitu kwa mpigo, hatajua kipi kilimsumbua.

mtoadawa_kibaigwa

Shukrani sana wakuu. Nimeongea naye kwa simu: hana damu kwenye choo, hajapungua uzito, ila damu yake hakumbuki ilikuwa ngapi, alipewa vidonge baada ya kujifungua mwaka juzi na akaendelea kununua mwenyewe. Bisakodili alikuwa anamezea maziwa ya moto. Kapsuli kasimamisha.

Kuharisha kukikata, aanze na nini wakati anasubiri daktari?

mfamasia_kisasa

Vidonge vya chuma avisimamishe mpaka apime damu, huenda havihitaji tena. Hilo pekee linaweza kumbadilishia wiki yake.

Choo kikirudi kuwa kigumu, makrogoli ya unga: gramu 17 kwenye glasi ya maji mara moja kwa siku. Ukipata ya pakiti zenye chumvichumvi kama Movicol, pakiti moja kwenye mililita 125. Inashika maji tu, haichachuki tumboni kama laktulosi, ndiyo maana gesi ni kidogo. Majibu ni siku moja hadi tatu, kwa hiyo asiongeze dozi kesho yake kwa papara. Choo kikiwa uji, apunguze iwe siku moja ndiyo, moja hapana. Mwambie ukweli pia: inalainisha choo, maumivu ya IBS haiyagusi sana. Zikipita siku tatu bila choo, bisakodili 10 mg usiku huo mmoja, kwa maji.

Laktulosi kama ndiyo pekee iliyopo, mililita 15 kwa siku na ngoja saa 48. Magnesiamu usimpe kabla figo hazijapimwa.

Daktari akiona anahitaji zaidi, ziko tatu za kujadili, na kila moja aangalie kwenye rejista ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na aulize bima kabla hajaahidiwa. Linaklotaidi yenyewe, safari hii ndani ya chupa yake, na tathmini wiki ya nne. Choo hubadilika ndani ya wiki ya kwanza, maumivu huchukua wiki kadhaa zaidi. Lubiprostoni 8 mikrogramu mara mbili kwa siku, hii inataka chakula, ikimezwa tumbo tupu inatia kichefuchefu. Kwa IBS imeidhinishwa kwa wanawake wa miaka 18 na zaidi. Prukalopridi 2 mg mara moja kwa siku ni ya wanaofunga choo, si ya IBS. Kichwa huuma siku za mwanzo, na mwenye figo mbovu sana hupewa 1 mg.

Buscopan kwa maumivu iwe ya siku moja moja, maana nayo inaweza kufunga choo.

tabibu_wa_zamu

Nyongeza ndogo kwa wote wa kaunta. Mzee akija "anaharisha" vimajimaji kidogo kidogo huku tumbo limejaa na hajapata choo cha maana wiki nzima, msimpe loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha. Hayo ni maji yanayopita pembeni ya choo kilichokwama. Apelekwe akapimwe.