Tupeane uzoefu: mashujaa wa vijijini kwetu wanakumbukwaje? (Kigoma na Tabora)

Mleta mada, Sikonge
Mwangaluka wakuu. Kila tarehe 25 Julai tunaona kwenye runinga Rais akiweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, wazee waliopigana vita shoka. Sawa kabisa. Ila kijijini kwetu sijaona hata kibao chenye majina ya vijana wetu waliofia vita vya Kagera. Kwenu ikoje? Leteni ya nyumbani, hotuba tumeshazisikia.

Muha wa Kasulu
Baba mdogo alikuwa mgambo. Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa 1978 akachukuliwa, hakurudi. Bibi ana picha yake moja tu ya paspoti, nyeusi na nyeupe, mhuri umempita begani. Anaifunga kwenye kipande cha kanga na kuiweka chini kabisa ya sanduku la bati. Mgeni haonyeshwi mpaka ale kwanza. Jina lake ndilo nililopewa mimi, kwa hiyo nikikosea natajiwa vita vyote. Wanajeshi wetu wamezikwa Kaboya kule Muleba, lakini bibi kwa umri ule umpandishe basi mpaka Nyakanazi, uunge Biharamulo, ndipo umfikishe? Angalau kata ingeandika jina lake hapa hapa alipozaliwa.

Mnyonge Ujiji
Huku ukisema Mashujaa watu wanadhani ni Mashujaa FC, timu yetu ya mpira Kigoma, wanakuuliza mechi ni lini 😂

Mjukuu wa Keya, Tabora mjini
Babu alikuwa Keya (askari wa KAR, jeshi la Mwingereza enzi za ukoloni), vita vya pili vya dunia akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Alirudi na koti zito na malaria isiyoisha. Huyo afadhali, tulimsikia mwenyewe akisimulia. Wanaoniuma ni wa vita vya kwanza. Septemba 1916 Wabelgiji waliiteka Tabora kutoka kwa Wajerumani, na askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika. Wapagazi ndio walikufa zaidi, kwa njaa na magonjwa, hata bunduki hawakushika. Dar kuna Sanamu ya Askari tangu 1927. Mpagazi wa Unyanyembe nani anamjua jina?

Mleta mada
Asanteni. Sisi tumeanza mchango wa kibao cha saruji pale ofisi ya kijiji. Ugomvi uliopo: aliyerudi hai akafa baadaye kwa majeraha, anaandikwa? Wazee wanasema ndiyo, mwenyekiti anataka barua ya jeshi. Mliokwisha kufanya hili mliamuaje?