Ushauri: wasifu wa marehemu Mnavajo, mume na baba wa watoto wanne

Mama Riziki
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Tuko Phoenix, Arizona, Marekani. Jirani yetu Mnavajo (kabila la wenyeji wa asili huku) ametutoka. Mjane kaniomba niandike wasifu wa nusu ukurasa wa kuchapwa kwenye ratiba ya mazishi, niusome Jumamosi saa nne asubuhi huko Window Rock, makao makuu ya eneo lao. Nimeanza hivi: "Marehemu alizaliwa katika ukoo wa baba yake…" na mwisho "ameacha watoto wanne wa ukoo wake". Nipo sawa? Na rambirambi tupeleke nini?

Kalamu Kavu
Pole dada. Zote mbili zifute. Wanavajo (wenyewe hujiita Diné) ukoo wanautoa kwa mama, kama Waluguru. Mtu hutajwa kwa koo nne na mpangilio haubadiliki: wa mama yake, ndio ukoo wake hasa, wa baba yake, ambao husemwa "amezaliwa kwa ajili ya", kisha wa babu mzaa mama, mwisho wa babu mzaa baba. Mfano, kwa majina ya koo mbili: "Alikuwa wa Kinyaa'áanii, aliyezaliwa kwa ajili ya Tódích'íi'nii", yaani watu wa Maji Machungu, halafu wafuate babu wawili.

Sasa watoto. Wao ni wa ukoo wa mjane. Kwa baba yao *wamezaliwa kwa ajili ya*. Kwa hiyo andika: "ameacha watoto wanne, waliozaliwa kwa ajili ya Kinyaa'áanii". Wazee watakaokaa mstari wa mbele wanasikiliza hapo kuliko pengine popote.

Tahajia usiibahatishe. Kuna herufi zenye mkia chini, zenye alama juu, na l iliyokatwa kwa mstari. Familia ikuandikie, nawe unakili. Kwa mchapaji peleka PDF. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, ą inageuka kisanduku kitupu.

Binti Sukari
Kabla ya yote muulize mjane: ni watu wa kanisa, au wanashika mila? Wa mila hawapendi jina la aliyekufa litajwe-tajwe, hasa siku nne za mwanzo. Basi jina liwe kwenye karatasi. Mdomoni sema "mume wake", "baba yao".

"Alikuwa baba mwema aliyeipenda familia" haisemi kitu. Muulize mjane alifanya nini kwa mikono: kondoo, kuni, gari la nani alitengeneza. Nyumba nyingi kule hazina bomba, maji yanabebwa kwa pikapu. "Kila Jumamosi alijaza pipa la mama mkwe wake, galoni 55" inatosha kabisa. Ila utani wa mkwe uache! Kwa mila ya zamani mume na mama mkwe hawatazamani hata usoni.

Pia yapunguze maneno. Ukitafsiriwa kwa Kinavajo, dakika tatu zinakuwa sita au zaidi.

Dereva I-40
Mbona hakuna aliyegusia saa? Arizona haisogezi saa mbele, lakini Taifa la Wanavajo (eneo lao linalojitawala) linasogeza kwa saa moja, Machi hadi Novemba. Kipindi hicho saa nne ya Window Rock ni saa tatu ya Phoenix. Safari ni kama saa tano: ondokeni saa tisa usiku, mtafika saa tatu ya kwao. Simu msiiamini, inarukaruka njiani.

Rambirambi: pesa kwenye bahasha, na vyakula vifike *kabla* ya mazishi kwa sababu watu hulishwa wakitoka makaburini. Kahawa, viazi, nyama ya kondoo, unga wa Blue Bird ule wa mfuko wa kitambaa. Pombe hata kwenye buti la gari msiweke, ni marufuku kule. Mkono wa pole unagusa tu, haukamui.

Mama Riziki
Asanteni sana. Na matanga? Tulitaka kwenda kukaa na mjane wiki nzima, tumkumbuke baba watoto.

Binti Sukari
Kama ni wa mila, hapana dada. Siku nne zikiisha, habari za aliyeondoka hazichokonolewi tena. Nendeni mkapasue kuni, mjaze lile pipa. Na vitu vyake, kofia, koti, viatu, msiviguse wala kusaidia kupanga mpaka wenyewe waseme.