Mtutu mfupi sana kwa ulinzi wa nyumbani: napata nini, napoteza nini?

GuniaMia (Nkuhungu)

Mbukwenyi wakuu. Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi na alizeti. Mchana nashinda Kibaigwa sokoni, usiku nalala Nkuhungu, Dodoma mjini. Nina shotgani ya pampu, leseni ipo, mwaka wa sita huu. Sijawahi kuifyatua kwa shari na namwomba Mungu iendelee hivyohivyo.

Kisa chenyewe: mwezi uliopita, saa nane usiku, mbwa kaanza kubweka, mara nasikia bati la banda la kuku linagongwa. Nikafungua sefu, nikatoka nayo koridoni. Korido yangu ina upana wa sentimita 95. Ramani ilisema mita 1.2, lakini fundi alikuwa na ramani yake kichwani. Kufika kona ya jikoni, mdomo wa mtutu ukagonga fremu ya mlango, ngo! Kama vile napiga hodi nyumbani kwangu mwenyewe. Angekuwa jambazi angeniitikia karibu. Bahati alikuwa kicheche, kaondoka na kuku mmoja.

Tangu siku hiyo urefu wa ile silaha unanikera. Nina binamu yangu yuko Phoenix, Marekani. Kanitumia picha za raifo za kwao, mtutu inchi 7.5, yaani sentimita 19, nzima inaingia kwenye begi la mgongoni. Nikajiuliza, wenzetu wamejua siri gani? Hapa mjini nako kuna fundi wa kuchomelea kaniambia mtutu wangu anaukata nusu saa, elfu thelathini.

Nauliza kwa nia njema kabisa: huo ufupi una faida gani ya kweli ndani ya nyumba, na hasara yake ni ipi? Wenye uzoefu tu. Naomba kuwasilisha.

DogoWaSabasaba

Mkuu kata tu. Kwenye gemu mimi nabebaga fupi muda wote, unakimbia nayo vizuri na kuzungusha ni fasta.

MamaWakili

Dogo, kwenye gemu ukifa unaanza upya. Mwache kaka wa watu.

Kaka GuniaMia, tulimalize la fundi kwanza. Leseni uliyonayo inaitambua silaha hiyo kama ilivyo. Siku ukiukata mtutu unakuwa na kitu kingine ambacho hukuombea kibali, na huyo mchomeleaji naye anafanya kazi isiyo yake. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, haina utani na mambo hayo. Unakumbuka ulivyoanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, ukapanda kamati moja hadi nyingine mpaka polisi? Njia yote hiyo unaiuza kwa elfu thelathini? Na zile za binamu, ukisikia raifo fupi ya mtindo wa kijeshi, sahau kupewa leseni kama raia.

La pili, huwa watu hawaliwazi mpaka wako kizimbani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujilinda wewe, mwenzako na mali yako, lakini kwa nguvu ya kadiri. Sasa fikiria umejilinda kihalali kabisa, halafu kielelezo namba moja mezani kwa hakimu ni shotgani iliyokatwa kwa msumeno. Mimi nisingependa kuwa wakili wako siku hiyo, na nakwambia hivyo huku nikipenda sana ada.

Ya mitutu na kasi za risasi siyajui, nawaachia wenyewe.

MzeeKarakana

Marahaba, kijana, kabla hujanisalimia.

Nimekaa karakana ya silaha jeshini miaka 21. Nimestaafu, nafuga nyuki upande wa Nala. Sikio langu la kushoto ni la mapambo tu, na sababu yake inahusiana na swali lako. Nitakufikisha.

Watu wengi wanadhani mtutu ni bomba la kuelekezea risasi. Ni zaidi ya hapo, maana ndani yake ndipo kazi inapofanyika. Baruti inapowaka, gesi inaisukuma risasi kwa muda wote ambao risasi imo ndani. Ikishatoka mdomoni, msukumo umekwisha. Ukifupisha mtutu ni sawa na wasukuma mkokoteni kuuachia katikati ya mlima: nguvu walikuwa bado wanayo, ila mkokoteni hawana tena.

Chukua hiyo risasi ya milimita 5.56 inayotumika kwenye raifo za binamu yako. Ile ya zamani ya gramu 3.56, kwenye mtutu wa inchi 20, inatoka kwa takriban mita 990 kwa sekunde. Kwenye inchi 7.5 inashuka mpaka kwenye 700 hivi. Utasema, mzee, si nimepoteza chini ya theluthi? Ngoja. Nguvu ya risasi inakwenda kwa mraba wa kasi. Piga hesabu: jouli kama 1,740 kule, jouli kama 870 huku. Nusu imekwenda! Na risasi hii ni nyepesi, tegemeo lake lote ni mbio. Ikipungua mbio haipasuki inapogonga, inatoboa tundu dogo na kuendelea na safari zake, na wewe hujui safari hiyo inaishia kwa nani.

Ile nusu uliyoipoteza haikupotea kimyakimya. Baruti ambayo haikupata nafasi ya kuungua ndani inamalizia kuungua nje, mbele ya uso wako. Mchana unaona moshi. Usiku, korido haina taa, unaona moto kama jiko la mkaa lililopulizwa kwa feni, halafu huoni tena kitu kwa muda. Huyo unayemwogopa yuko palepale, wewe ndiye umegeuka kipofu.

Sasa sikio. Nikiwa mwaka wa nne kazini, tulikuwa tunajaribu silaha fupi iliyotoka matengenezo, ndani ya banda la tofali lililofungwa pande tatu, juu bati. Mwenzangu akafyatua kabla sijavaa vizibo vya masikio. Risasi moja tu. Sikusikia mlio wowote, nilihisi kama nimepigwa kofi, kisha nyenje wakaanza kulia. Nyenje wale hawajanyamaza hadi leo. Mlio wa ghafla ukivuka desibeli 140 unaumiza sikio, na raifo zinavuka 160 kwa anayeifyatua. Ukifupisha mtutu unausogeza mdomo karibu na kichwa chako, na bado una ukuta wa saruji na bati la kukurudishia sauti. Wanao wanalala chumba cha ngapi?

Kuna na ugonjwa wa tatu, ambao mafundi ndio wanaujua. Silaha inayojikoki kwa gesi inahitaji risasi ikae ndani kidogo baada ya kuvuka tundu la gesi, ili msukumo utoshe kurudisha mtambo nyuma. Ukifupisha sana, muda huo haupo. Inabidi tundu lipanuliwe, na hapo mtambo unapigwa kwa fujo, vipuri vinachoka, maganda yanakwama. Warusi walikutana na hilo walipotoa raifo fupi ya AKS-74U mwaka 1979. Mtutu milimita 206.5, wakati AK-74 ya kawaida ina 415. Walilazimika kuweka kikopo mdomoni ili gesi isikimbie mapema. Kasi ikashuka kutoka mita 900 hadi 735. Wamarekani nao huko Vietnam, raifo yao fupi ya XM177, ya kwanza ilikuwa na mtutu wa inchi 10, ikawa na mlio na mwako wa kutisha mpaka wakaifungia kidude cha kupunguza, baadaye wakaurefusha mtutu ukawa 11.5.

Nisiwe mchoyo, wale watu hawakuwa wajinga. AKS-74U walipewa waendesha magari, watu wa vifaru na warusha helikopta. Ukikaa ndani ya kifaru huna pa kuweka mtutu mrefu. Kwenye gari, ngazi na mlango mwembamba fupi inageuka haraka, na mtu aliyejibanza nyuma ya kona hapati cha kuishika na kukunyang'anya. Hiyo ni faida ya kweli, sitaki kuificha. Ila ufupi huohuo unauruhusu mdomo wa mtutu kuelekea mahali popote, mguu wako ukiwamo. Nimeona askari mzima, si kuruta, mkono wa mbele umeteleza na kidole kiko sentimita mbili nyuma ya mdomo. Tulisimamisha zoezi. Alikuwa anatetemeka kuliko sisi.

Kuhusu shotgani yako: usikate. Mbali na aliyosema mama wakili, ukikata unatupa na ile shanga ya kulengea iliyoko mbele, unapunguza uzito wa mbele uliokuwa unazuia teke la silaha kurudi nyuma, na marisau, zile gololi ndogo za shotgani, hayatasambaa ndani ya chumba kama unavyoona kwenye sinema. Kwa mita 5 yanakwenda yamekusanyika, tundu halizidi kiganja kilichokunjuliwa. Bado unatakiwa kulenga.

Fanya hivi kwanza. Pima urefu wa silaha yako yote, kitako hadi mdomo. Kata mti wa ufagio urefu huohuo. Kata mwingine mfupi kama unavyoutamani. Zima taa, tembea nyumba nzima na kila mmoja, kisha urudi hapa utuambie. Silaha yenyewe ibaki kwenye sefu.

BinamuWaPhoenix

Nimeona nasemwa nikaona nije mwenyewe. Shikamoo mzee.

GuniaMia, ile picha haikuwa ya kitandani kwangu, ilikuwa ya jamaa kwenye kiwanja cha shabaha. Usinichongee kwa shangazi.

Huku nako si holela kama mnavyodhani. Sheria ya shirikisho ya 1934 inasema raifo yenye mtutu chini ya inchi 16, au shotgani chini ya inchi 18, lazima isajiliwe serikalini, alama za vidole, picha, yote. Kodi yake ilikuwa dola 200 tangu mwaka huohuo, na mwaka 1934 hizo zilikuwa fedha nyingi. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kodi imeshushwa mpaka sifuri kwa hizi fupi, lakini usajili upo palepale. Nikitaka kuihamishia jimbo jingine naomba ruhusa kwanza.

Mimi ninayo ya inchi 10.5. Sitasema uongo, ni tamu kubeba. Lakini kama mzee alivyosema, bila sailensa, kile kifaa cha kupunguza mlio, ndani ya nyumba ni adhabu. Ukifunga sailensa ya sentimita 18 umerudi kwenye urefu uleule uliokuwa unaukimbia, na mfuko umetoboka. Wengine huku wamehamia risasi aina ya .300 Blackout, iliyosanifiwa 2011 hivi kwa ajili ya mitutu mifupi. Baruti yake inaisha kuungua ndani ya inchi 9 hivi, kwa hiyo ukikata hupotezi sana. Risasi ni bei mbaya.

Kitu ambacho picha haikuonyesha: kuta za huku ni jipsamu. Nikikosa, risasi inapita chumba cha mtoto, inapita na kwa jirani. Ndiyo maana kando ya kitanda changu kuna tochi na simu, na yenye mtutu wa inchi 16 iko kwenye sefu ya kufunguliwa kwa alama ya kidole. Ile fupi naenda nayo kiwanjani Jumamosi, najifurahisha.

DogoWaSabasaba

Kumbe hata Mmarekani analia bei. Nimekaa kimya.

GuniaMia (Nkuhungu)

Wakuu, nimerudi na majibu ya ufagio.

Shotgani yangu nzima ni sentimita 104. Nikakata mti mmoja huo urefu, mwingine 70. Juzi umeme ulikatika wenyewe saa tatu usiku, nikaona ndio wakati. Mama watoto kashika kiti, anaangalia mume wake ananyata na fimbo mbili.

Ule mfupi unapita kila mahali, sibishi. Mrefu umegonga fremu ileile, ngo. Nikajaribu kukirudisha kitako chini ya kwapa na kuushusha mdomo chini kabla ya kona. Ukapita. Mara tatu mfululizo haukugusa kitu.

Lakini kilichonishangaza ni kingine. Nilipochoka nikasimama mlangoni mwa chumba chetu. Kutoka hapo naiona korido yote, na mlango wa watoto uko upande wangu huu, hatua mbili. Yaani ile kona ya jikoni sikuwa na haja nayo kabisa! Ningekaa pale, nikawaita watoto nyuma yangu, nikapiga simu, na mtutu hata ungekuwa mita mbili usingegonga chochote. Ile siku nilikwenda jikoni kumfuata kicheche.

Mama watoto akauliza, kwa hiyo kuku mmoja ndiye alitaka kukufungisha? Sikujibu.

Hapo konani naweka grili. Taa ya sola ya kuwaka yenyewe nimeshaiona dukani, naifunga nje juu ya banda.

MzeeKarakana

Safi. Na yule fundi wa kuchomelea usimtupe, mpe kazi ya halali. Akutengenezee mlango wa chuma wa banda la kuku, kicheche hapiti.

GuniaMia (Nkuhungu)

Nimeshampigia, mzee. Anakuja kesho asubuhi. Kasema mlango ni elfu arobaini na tano.