Mnaosambaza "dawa za nyumbani" kwenye magrupu bila umri wala kipimo, mnaumiza watoto wa watu!

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira na sitazificha. Juzi mtoto wa jirani yetu, hajafika hata miaka minne, ameunguzwa na maji ya moto. Ugonjwa wake ulikuwa mafua. Mafua tu! Mama yake alipata sauti inayozungushwa kwenye grupu la mtaa: chemsha majani ya mwarobaini, mchaichai na limau, mfunike mtoto blanketi pamoja na sufuria mpaka atokwe jasho. Mtoto kapigwa na mvuke usoni, karusha miguu, sufuria ikapinduka, maji yote yakaishia mapajani.

Hapo ndipo likaja balaa la pili. Majirani wakajaa, kila mtu na utaalamu wake. Huyu dawa ya meno, yule ute wa yai, mwingine unga wa ngano. Alipofikishwa hospitali, wauguzi walianza kwa kubandua ule ugaga uliokauka juu ya kidonda. Hebu fikirieni maumivu ya mtoto yule.

Mama yake simlaumu hata kidogo, alikuwa anahangaikia mwanawe. Namlaumu aliyerekodi ile sauti. Nimeisikiliza mwanzo hadi mwisho. Hataji umri. Hasemi nani asitumie. Hasemi likitokea la kutokea ufanye nini. Anachokumbuka ni kusema "sambaza uokoe maisha".

Sasa tuelewane kuhusu kuungua, maana hili linarudiwa kila siku. Mtu akiungua, mwagia maji ya kawaida, ya bomba, yatiririke juu ya jeraha dakika 20. Bomba halitoi? Chota kwa kopo, mwagia taratibu, rudia. Maji ya moto yakishamwagika, joto linabaki ndani ya ngozi na linaendelea kuunguza. Maji ndiyo yanayolitoa. Ule ubaridi wa dawa ya meno unausikia juu juu tu, joto liko palepale. Yai bichi linaingiza vijidudu kwenye kidonda. Barafu nayo hapana, inazidi kuumiza ngozi iliyokwisha kuumia. Vua nguo na bangili mapema kabla hajavimba, ila kilichogandia kwenye ngozi usikivute. Funika na kitambaa safi, mpelekeni hospitali. Basi. Hakuna kingine cha kupaka.

Na hayo mafua yenyewe, mvuke hauui virusi vyake. Mtu mzima akijifukiza kwa uangalifu atasikia nafuu ya pua kwa muda, sawa, hilo ni lake. Mtoto mdogo usimsogeze karibu na sufuria ya maji yanayochemka. Mnyonyeshe mara nyingi, mpe vya kunywa, pua ikiziba mtie matone ya maji ya chumvi yanayouzwa maduka ya dawa. Mafua ya kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki moja au siku kumi hivi.

Najua watakuja wa "unadharau tiba za mababu". Sidharau. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa tangawizi na mchaichai na hadi leo nakunywa. Tiba asili hapa Tanzania ina sheria yake tangu mwaka 2002, ina baraza lake, na pale Muhimbili kuna taasisi inayoitafiti tangu 1974. Wanaoifanyia kazi kwa dhati wanapima na kuuliza mgonjwa ana umri gani na anatumia dawa gani nyingine. Ninyi wa sauti za WhatsApp mnauliza nini?

Chukueni asali. Inatuliza kikohozi kweli, hata kwa watoto, na tafiti zipo. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja haruhusiwi hata kulambishwa. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzizuia. Zinaota humo, zinatoa sumu inayolegeza misuli mpaka kupumua kunakuwa shida. Na kuichemsha jikoni hakuziui. Kuna sauti yoyote mliyowahi kusikia ikisema hivyo? Kitunguu saumu kibichi mnachowafunga watoto kwenye nyayo kinachoma ngozi hadi malengelenge. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwaletea watoto wachanga degedege na vifo baada ya kunyweshwa.

Kipimo ndicho kinachonikera kuliko vyote. Maji ya sukari na chumvi anayopewa mtoto anayeharisha yameokoa wengi, lakini ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mtu anarekodi "weka chumvi kiasi". Kiasi gani? Chumvi ikizidi unamdhuru mtoto ambaye tayari hana maji mwilini. Pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari uliokwisha kupimwa, zipo na bei yake ndogo, zitumieni kwanza, na ombeni vidonge vya zinki.

Kuhusu homa sitabembeleza mtu. Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya pakanga (artemisia) kama tiba ya malaria, kwa sababu kiasi cha dawa kwenye majani hakitabiriki. Malaria kali inaweza kumuua mtoto ndani ya saa 24. Homa ni kupima, ikionekana malaria ni dawa mseto, na dozi imalizwe. Na mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea haamki, huyo hapikiwi chochote. Anapelekwa kituo cha afya sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane.

Ma-admin wa magrupu mliomo humu, nawaomba kwa jina la Mungu: sauti ya dawa isiyotaja umri na kipimo ifuteni siku hiyohiyo, na aliyeituma aambiwe mbele ya watu kwa nini imefutwa. Kwenye grupu la ukoo wetu nimeshaanza. Shangazi zangu wamenuna, na nitaendelea kufuta.